Maji Yaliyokuja Kuhani

Asubuhi ile Dafrosa alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake Kanyenye, anachambua karanga. Ungo ulikuwa magotini. Zilizooza aliwarushia kuku, nzima alizitia kwenye sufuria ya bluu iliyovunjika mkono mmoja. Alikuwa amefika nusu ya ungo maji yalipomgusa nyayo. Yalitoka chumba cha nyuma, yakapita chini ya pazia, yakaja taratibu mpaka kwenye mafiga, yakayazunguka bila kuuzima moto, kisha yakatulia. Yalikuwa vuguvugu, rangi yake kama chai iliyosahauliwa kikombeni, na juu yake lilielea jani nene la mti usioota Tabora.

Dafrosa alichovya kidole akaonja. Yalikuwa ya chumvi. Alinyanyuka akaweka debe la unga juu ya meza, akakunja gauni lake, akarudi kwenye karanga.

Jirani yake Mwanahawa, mke wa fundi cherehani, alipiga hodi, amekuja kuomba kiberiti. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akavua ndala zake akazishika mkononi.

"Umemwaga nini, mwenzangu?"

"Sijamwaga kitu. Yamekuja yenyewe."

"Ya wapi?"

"Onja."

Mwanahawa akaonja, akatikisa kichwa. "Haya ni ya kule alikokuwa mwanao. Yamekuja kuhani."

"Mwezi mzima baada ya mazishi?"

"Si yametembea kwa miguu? Pwani si hapa, Mama Vedasto."

Na kweli yalikuwa yametembea. Watu wa mabasi walikuwa wameshasema kwamba kisima kimoja cha Mpwapwa kiligeuka chumvi kwa siku kadhaa kisha kikarudia utamu wake. Baadaye ikasikika hivyo hivyo Kilimatinde, halafu Tura, ambako ng'ombe walisimama ukingoni mwa lambo wakakataa kunywa, wachungaji wakawasubiri. Maji yalifuata njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu, na yalipumzika palepale walipokuwa wakipumzika wao. Reli ipo, lakini hayakupanda treni.

Mchana yakaondoka. Sakafu ya saruji ikakauka, ukabaki mstari mweupe wa chumvi ukutani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Jioni yakarudi. Tangu siku hiyo yakawa yanajaa na kupwa nyumbani kwa Dafrosa, kila siku yakichelewa kidogo kuliko jana yake, kama yanavyofanya pwani. Mtendaji wa kata alikuja kuangalia. Alisimama na viatu vyake mkononi, akasema, "Mama, hatuna neno. Ila yasifike barabarani, yatakula lami." Dafrosa akaweka mfuko wa mchanga kizingitini, na hayakufika barabarani.

*

Vedasto alikuwa kifungua mimba wake. Alisoma mpaka chuo kikuu, na kazi aliyopata baada ya kusoma kote huko ilikuwa ya kutazama maji. Alikuwa kwenye kituo kidogo huko pwani, kwenye mlango wa mto, penye mikoko, mahali ambapo maji si ya chumvi kabisa wala si matamu kabisa. Alfajiri alichota maji kwa chupa. Mengine aliyatazama yakiwa hai, mengine aliyatia tone la dawa ya kahawia ili viumbe vilivyomo vitulie. Kisha aliinama kwenye hadubini akasema humo yumo nani na nani.

Dafrosa alimuuliza kwenye simu kama hiyo kweli ni kazi ya mwanamume mzima.

"Mama, ukipita sokoni si unamjua huyu Msukuma, huyu Muha, huyu Mmanyema, hata kabla hajafungua mdomo?"

"Namjua. Kwa anavyotembea, kwa alivyofunga nguo yake."

"Basi ndiyo hiyo kazi yangu."

Viumbe hivyo wataalamu wanaviita dinoflajeleti. Si mimea kamili wala si wanyama kamili, na kijiko kimoja cha maji kinaweza kubeba maelfu. Vingi vimevaa deraya ya vipande vilivyoungwa kama ngozi ya mpira wa miguu, na kila ukoo una idadi yake ya vipande na namna yake ya kuviunga. Kila kimoja kina mijeledi miwili, mmoja umekizunguka kiunoni ndani ya mfereji kama mkanda, mwingine unaburuta nyuma, na kwa mijeledi hiyo hutembea kwa kuzunguka kama pia. Vilivyo vingi havina ubaya. Vichache vina sumu. Chaza hunywa maji kutwa nzima, huimeza sumu hiyo na wala haimdhuru. Anayedhurika ni mtu anayemla chaza. Midomo hufa ganzi kwanza, kisha vidole, mwisho pumzi.

Katika mlango wa mto ule walikuwamo viumbe wa aina mbili wanaofanana kama watoto wa baba mmoja. Majina yao ni ya Kilatini, lugha ambayo Dafrosa aliisikia utotoni kutoka kwa bibi yake aliyekuwa bado anasali kwayo, na yanatofautiana neno la mwisho tu. Mmoja ni wa mviringo na huishi peke yake. Mwingine amebonyea kidogo juu na chini, na hutembea kwa mstari, mwenziwe mbele, mwenziwe nyuma, wameshikana. Wa kwanza kule hakuwa na madhara. Wa pili anaua. Wote wawili hutoa mwanga wa bluu wakiguswa gizani, kwa hiyo mwanga haukusaidii kuwatofautisha. Vedasto, kwa kuwa alikuwa Mnyamwezi, alimpa wa kwanza jina la mpweke na wa pili msafara, na kituoni wote wakayachukua majina hayo.

Kituo kilikuwa na shamba la chaza, na siku moja walikuja wageni wakubwa kulizindua. Siku hiyo Vedasto alionja chaza kabla ya wageni, akafa, na watoto wawili wa kijiji cha jirani, waliopewa mabaki ya sahani, wakafa pia. Redio ilitangaza kwamba msomaji wa sampuli alikosea kutambua, naye mwenyewe ni miongoni mwa marehemu.

Maiti ililetwa Tabora na Fikiri, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja kituoni. Fikiri ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tangu wapagazi walipokuwa wakifika pwani wamechoka na wengine wanafia hukohuko, wakazikwa na watu ambao si ndugu zao. Mpaka leo, msibani mtani ana kazi zake. Anachimba, anabeba, na anamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Na maneno ya mtani aliyoyasema kaburini hayapelekwi kwenye baraza lolote, wala hayarudishwi kwake kesho yake kama madai. Yanazikwa hapohapo.

Fikiri aliifanya kazi yake vizuri. Jeneza lilipofika aliruka kaburini akalala chali.

"Kaburi zuri namna hii mnampa mpagazi? Mimi sitoki!"

"Toka, mla chaza wewe!" wakamjibu vijana wa Kanyenye.

"Sitoki mpaka nipewe jogoo."

Akapewa jogoo. Akatoka, akavaa koti jeupe la Vedasto lililompwaya mabegani, akakunja karatasi ikawa hadubini, akaanza kutembea kwa ule mwendo wa Vedasto wa kutanguliza kifua.

"Mnajua mwenzenu alivyokufa? Alfajiri kachungulia maji, kaona msafara. Mbio kwa bosi! 'Msafara, bosi, msafara!' Bosi kamwambia, 'Wewe Mnyamwezi kila kitu kwako msafara, unamwota babu yako na mzigo kichwani.' Kaichukua chupa, kaitikisa hivi!" Fikiri akaokota chupa ya maji ya kunywa, akaitikisa kama kayamba, akakata kiuno, akina mama wakapiga vigelegele. "Kaitikisa mpaka mkono ukamuuma! 'Haya, tazama tena.' Mnyamwezi katazama. Aa! Msafara umekatika, kila mmoja na lwake. 'Bosi, naona wapweke tu.' 'Wapweke wana neno?' 'Hawana neno.' 'Basi onja wewe kwanza, mtaalamu, wageni wakuone.' Na Mnyamwezi na sahani mnawajua! Kala, kalamba, kaomba na ya jirani!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Dafrosa alicheka kuliko wote. Tangu apate habari alikuwa hajalia wala hajala. Siku ile alicheka, kicheko kikageuka kilio, na usiku wake akapata usingizi. Alimshukuru Fikiri sana, akamfungia asali ya kupeleka kwao.

*

Maji yalipokuwa yamezoeleka, matendegu ya kitanda cha Dafrosa yakaanza kuota chaza. Walikuwa wadogo kama kucha, wakakua wakawa kama kiganja. Wengine walishika miguu ya kabati, wengine fremu ya mlango kwa chini. Watoto wa mtaa walikuja jioni kukanyaga maji, kwa sababu kila hatua iliwaka bluu, na ukiburuta mguu unaacha njia nzima ya mwanga sakafuni kabla haijazimika. Mama zao waliwaita kula, wakaenda na miguu inayong'aa mpaka barabarani.

"Hawa wanaliwa," alisema Mwanahawa, akigonga chaza kwa ukucha. "Mume wangu amekaa Tanga, anasema unawabanika kwa ndimu."

"Usiwaguse," Dafrosa akasema.

"Basi sigusi. Nimesema tu."

Wakati huo binti yake Consolatha, aliyeolewa Bukene, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume hospitali ya Kitete, akaja kukaa kwa mama yake apate kuhudumiwa. Mtoto alilala kwenye kitanda kile cha chaza, maji yakipita chini yake, na hakuwahi kulia yanapojaa. Alilia yanapopwa. Jina hakuwa nalo bado. Kwa desturi ya kwao, mtoto aliyezaliwa baada ya msiba huchukua jina la aliyeondoka, ili aliyeondoka apate mahali pa kukaa. Dafrosa alikuwa akimbembeleza kwa kunong'ona tu, bila kumtaja, kwa sababu jina hutolewa na upande wa mume.

Babu wa mtoto kwa baba, mzee Alois, mkulima wa mpunga, alitoka Bukene kuja kumwona. Alikunja suruali mpaka magotini, akakaa kwenye kiti, miguu ndani ya maji.

"Shikamoo, baba," akasema Consolatha.

"Marahaba, mwanangu. Mkwe, maji yako mazuri. Yanatoa uchovu."

"Ahsante, mkwe."

"Mtoto mzuri pia." Alimshika kidole. "Lakini jina hilo hapana."

Dafrosa alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha.

"Mimi simchukii marehemu," Alois akaendelea. "Alikuwa kijana wa heshima, alikuja kwangu akanisalimia kwa magoti. Lakini redio imesema alikosea, na watoto wa watu wamekufa. Huyu atakua, ataenda shule. Akiitwa Vedasto wataanza kuuliza, Vedasto yupi? Nitakuwa nimembebesha mzigo ambao yeye hakuufunga."

"Hakukosea. Fikiri alisema. Chupa ilitikiswa."

"Fikiri alikuwa anatania, mkwe. Hata mimi nilicheka, kofia ikaanguka kaburini. Sasa nikasimame Bukene mbele ya ukoo niseme nimesikia kwenye utani?" Akatikisa kichwa kwa huzuni, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Niletee mtu mmoja aliseme jambo hilo bila kucheka, na wanaomsikiliza wasicheke. Mtu mmoja tu. Nitamshika mtoto kwa mikono yangu mwenyewe mpaka kanisani, na ataitwa Vedasto."

Ubatizo ulikuwa umepangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi unaofuata. Dafrosa akampigia simu Fikiri.

*

Fikiri alikuja kwa treni, hadubini ikiwa ndani ya sanduku la mbao alilolipakata njia nzima. Kazini alikuwa amesema anamuuguza shangazi. Alipofika mlangoni alivua viatu, akaingia majini bila kuuliza, akainama akanusa.

"Ya kwetu haya," akasema. "Yamewafuata nini wapagazi?"

"Yamekuja kuhani," Dafrosa akajibu. "Yana adabu kuliko Wazaramo."

Akacheka, lakini kicheko kifupi. Akachota kikombe kimoja taratibu sana, kama mtu anayechota maziwa bila kutaka utando wa malai uvunjike. Hakutia dawa ya kahawia. Alidondosha tone kwenye kioo, akainama. Alikaa vile kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba, na shingo yake ikaanza kutoka jasho.

"Mama, njoo."

Dafrosa alifuta mikono, akaweka jicho. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona mwanga, na kwenye mwanga vikapita vitu vya rangi ya kahawia, kimoja nyuma ya kingine, vimeshikana, vinakwenda kwa kuyumba kidogo kama watu waliobeba vizito. Cha mbele kilipokata kona, vyote vilifuata. Aliona deraya, aliona mkanda kiunoni. Vilipita, vikaja vingine, mstari mrefu zaidi.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe. Msafara."

"Sasa kitikise kwa nguvu hicho kikombe."

Fikiri hakutaka. Akamtazama, akaona hana namna. Alikitikisa kikombe, akadondosha tone jingine. Dafrosa alitazama. Safari hii kila kimoja kilikuwa peke yake, kinazunguka palepale kama kilichosahau kilikokuwa kinakwenda. Alisubiri aone kama vitatafutana. Havikutafutana.

"Hapa hata mimi ningesema wapweke," alisema.

"Hata yeye mwanzo alisema. Ukitazama sana unaona wamebonyea kidogo, na deraya ina alama mahali walipoachana. Vedasto aliona. Alisema, 'Bosi, hawa wana makovu.' Bosi akamwambia wageni wameshafika."

"Bosi alijua?"

"Mtu hatikisi chupa hivyo, mama, kama hajui."

Maji yalikuwa yanapwa. Chaza wa kwenye kabati walifunga midomo yao, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebana ulimi.

"Tume ya uchunguzi ilipokuja kituoni ulisema hivi?"

Fikiri alifuta kioo kwa pindo la shati. "Nilisema sikuwapo chumbani. Nina watoto, mama. Na bosi alikuwa amekaa palepale, ananimiminia chai."

"Lakini kaburini ulisema."

"Kaburini nilikuwa mtani. Mtani hafukuzwi kazi."

Dafrosa alimtengea ugali na mlenda wa karanga, akamsubiri ale. Aliponawa akamwambia, "Jumamosi mkwe wangu anakuja. Utasema mara moja tu, kama mtu anayetoa taarifa. Sitaki uende kwenye tume. Nataka mjukuu wangu apate jina."

"Nitasema," Fikiri akajibu. "Hilo naliweza."

*

Jumamosi mzee Alois alikuja na kofia yake, akakaa kwenye kiti kilekile. Mwanahawa alikuja kushuhudia, akakaa kitandani na Consolatha, mtoto katikati. Maji yalikuwa yamejaa vizuri, hayana wimbi. Alois alitazama kwanza kwenye hadubini, akauona msafara, akakubali kwamba anauona. "Lakini haya ni maji ya nyumba yako, mkwe. Ya kule ni ya kule. Asimame aseme."

Fikiri akasimama. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Alianza vizuri. Alitaja siku, akasema maji yalichotwa alfajiri kwenye mkono wa mto upande wa mikoko, akasema marehemu aliyasoma akatambua aina yenye sumu, akaenda kutoa taarifa. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Wote walikuwa wametulia. Alois alikuwa ameweka kofia juu ya goti.

"Mkuu wa kituo," Fikiri akasema, "akaichukua chupa." Na mkono wake ukapanda. Hakuupandisha yeye. Ulipanda wenyewe, vidole vimekunjwa kama vimeshika chupa, ukabaki hewani karibu na sikio.

Wa kwanza kucheka alikuwa Dafrosa.

Kicheko kilimtoka kabla hajakijua. Alikibana kwa kanga, kikapita puani. Mwili wake ulikuwa unaukumbuka mkono ule. Ndio uliompa ruhusa ya kucheka siku ambayo hakuwa na kitu kingine. Mwanahawa alimwona, akageukia ukuta, mabega yakaanza kumtetemeka. Consolatha akacheka huku machozi yanamtoka na kusema "Samahani, samahani." Mzee Alois alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha akashindwa, akajipiga kofi gotini, kofia ikaanguka majini ikaelea. Fikiri mwenyewe alikuwa akitamka "akaitikisa," kwa uso wa huzuni kabisa, lakini kiuno kilikuwa kimeshaanza. Alijaribu kukizuia kwa mkono wa pili. Kikaendelea. Akamaliza habari yote, mpaka mahali pa sahani, mpaka mahali pa watoto wawili, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyeweza kuacha kucheka, wala hakuna aliyekuwa na furaha.

Hatimaye wakatulia. Alois aliokota kofia yake akaikamua.

"Nimecheka," alisema polepole.

"Nami nimecheka," Dafrosa akasema.

"Haki ni kwamba nimecheka, mkwe. Siwezi kwenda kusema sikucheka."

"Arudie," Consolatha akasema. "Baba, mwache arudie."

"Arudie mara ngapi? Tayari ilishasemwa kaburini. Ikisemwa kaburini, imezikwa." Akamgeukia Fikiri, ambaye alikuwa amekaa chini majini, mikono kichwani. "Mwanangu, ungeisema kwanza kwenye tume, kisha ukaja kutania. Umeanzia mwisho."

Fikiri akafungua kifungo cha shingoni.

Kabla ya kuondoka Alois alitoa wazo moja, kwa wema. Wapeleke maji yenyewe kituoni, kituo kiseme kwa maandishi ni aina gani. Kituo kikapigiwa simu, kikamtuma kijana na pikipiki kutoka ofisi yao ya jirani. Dafrosa alimkabidhi chupa aliyoichota kwa mikono yake, akamwomba aibebe kifuani, aende polepole kama amebeba mgonjwa. Kijana aliahidi. Akaifunga nyuma kwa mpira, kwa sababu mikono ilikuwa ya kushika usukani, akaishika barabara ya vumbi.

Majibu yalikuja kabla ya Jumapili ya ubatizo. Maji ya Kanyenye yana mpweke, ambaye hana madhara, na wananchi wanaruhusiwa kula chaza. Jina la aliyesoma lilikuwa la Fikiri, aliyekuwa amerudi kazini Jumatatu na kupewa meza ya Vedasto. Alisoma alichopewa.

*

Mtoto alibatizwa Jumapili ile, kanisa limejaa. Mzee Alois alimbeba mwenyewe, kama alivyoahidi kwa jina lile jingine, na padri akauliza mtoto anaitwa nani. "Sixbert," akasema Alois, kwa sauti ya kusikika. Lilikuwa jina la mjomba wake aliyekufa kwa uzee, ambaye hakuna aliyewahi kumsema lolote. Dafrosa alikuwa benchi la pili na mshumaa. Uliwaka mpaka mwisho bila kuzimika.

Baadaye wageni walirudi nyumbani kula pilau. Maji yakaja kwa wakati wake, watu wakainua miguu juu ya benchi, wakaendelea kula. Mtu mmoja aliulizia chaza. Dafrosa alimwambia leo hapana, akamwongezea nyama.

Siku hizi hadubini bado iko kwake. Fikiri aliiacha, na hajaja kuichukua. Kila asubuhi, kabla ya karanga, Dafrosa huchota kikombe taratibu, akainama. Akiona wanapita wameshikana, hufunga kitambaa chekundu mlangoni, na Mwanahawa huwaambia majirani. Wasipokuwapo hufungua. Hakuna aliyeumwa Kanyenye. Wanawake huja kuchota maji ya kupikia mahindi siku ambazo hakuna kitambaa, na wamejua kuuliza yanajaa saa ngapi leo. Huko pwani, ukutani kwa kituo, wameweka kibao cha kuwakumbuka watoto wawili wale. Jina la Vedasto halimo kati ya waliokufa. Limo kwenye sentensi inayoeleza sababu.

Consolatha humleta mtoto likizo. Alijifunzia kutembea ndani ya maji yale, akishika matendegu, akiwaepuka chaza asiwaguse hata kwa kidole, kama aliyefundishwa, na kila alipokanyaga paliwaka. Dafrosa alimwita kutoka mlangoni, mikono ameitanua, "Sixbert, njoo kwa bibi." Mtoto aligeuka mara moja, akacheka, akaja. Alikuwa ameshalijua jina lake, na bibi yake hakumjaribu kwa jingine.